Kumwombea Ndugu au Kumsema?

Katika ushirika wetu wa wanafunzi hapa Uganda, mtu akikosana na mwenzake haendi kwake. Anaomba nafasi ya ombi maalumu, anasimama, kisha anasema kwa unyenyekevu: tumwombee ndugu mmoja katika mambo ya fedha. Kila mtu anajua ni nani anayeshika fedha za kwaya. Nasema haya kwa sababu mimi ndiye niliyesimama.

Zilikuwa pesa za sare. Hesabu zilipungua, nami nikaona aibu kumwuliza mweka hazina, ambaye tunakaa chumba kimoja. Kumbe alikuwa amemlipa fundi malipo ya kwanza, na risiti ilikuwa ndani ya daftari lake. Swali la dakika mbili lingetosha. Tangu jioni ile hajaimba nasi tena.

Uamsho ulipoenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi huku kwetu katika miaka ya 1930, walokole walisimama kuungama dhambi zao wenyewe. Sisi wajukuu wao tunaungama za wenzetu.

Katika Mathayo 18 Yesu anasema uanze na ndugu yako, ninyi wawili peke yenu. Mashahidi wafuate, na kanisa liwe la mwisho. Wengi husoma hapo namna ya kumtoa mkosaji. Mimi naona hatua ya kwanza inamlinda hata mlalamikaji, maana huenda aliyekosea ni yeye. (Simzungumzii binti anayesumbuliwa na kiongozi wake. Huyo asitumwe peke yake kwa mtu anayemwogopa, hata kwa kisingizio cha Maandiko.)

Niliomba radhi baada ya wiki tatu. Alinisamehe, lakini akakataa kurudi kwaya. Wapo wanaosema msamaha wake haujakamilika. Sikubaliani nao. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohana Marko hadi wakatengana. Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akamchukua Sila. Miaka ikapita kabla Paulo hajamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa. Mwenzangu naye ana haki ya kupewa muda.

Ila kuna deni moja ambalo muda hautalilipa. Nilimwomba radhi chumbani, ilhali nilimchafua mbele ya ushirika mzima. Ijumaa hii nimeomba tena nafasi ya kusimama.