Wanangu, dawa ya dukani nayo ni dawa

Wanangu wa Tosamaganga, hili nimelisema misibani, nimelisema baada ya misa, na leo nalirudia kwa sababu bado naviona vidonge mifukoni mwenu. Juzi tumekula kande, kiungulia kikampanda kijana mmoja, akatafuna vidonge viwili vyeupe. Unga haujamkauka mdomoni, akabandua vingine viwili. Nikamuuliza ameanza lini. Akanijibu, "Mzee, hii si dawa, ni ya gesi tu."

Ni dawa, mwanangu. Vidonge vingi vya kiungulia vina kalsiamu. Ukivitumia siku mbili tatu, mwili unamudu. Ukivizoea kila siku kwa miezi, kalsiamu inaweza kuzidi kwenye damu, figo zinaitoa kwa mkojo, na humo inashikana na chumvi nyingine hadi iwe jiwe. Vile vya magneziamu trisiliketi, vikitumika miaka, vinaweza kuleta mawe ya silika, ingawa ni nadra. Hata vitamini C mnayotafuna kila mafua yakipita, ikifika gramu moja kwa siku, sehemu yake hugeuka oksaleti, na mawe mengi ya figo ni ya oksaleti.

Sisemi kila jiwe limetoka dukani. Wataalamu wanakadiria kuwa katika mawe 100, ya dawa ni moja au mawili. Mengi huletwa na uhaba wa maji mwilini, na hapo ndipo watu wa Iringa tunapojiponza. Baridi ikikaza, mtu anashinda na kikombe cha chai, jioni ulanzi, maji hayagusi. Mkojo ukipungua, chumvi zinaganda kama kwenye sufuria iliyokaukia jikoni. Juu ya hayo unaongeza vidonge.

Kisha ubavu ukiuma mnakimbilia diklofenaki. Hiyo haitengenezi mawe, lakini hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo yenye kiu huumia zaidi.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini apate dawa zilizothibitishwa karibu na kwake. Nayashukuru. Ila muuzaji hajui wiki iliyopita ulimeza vingapi, wala ulikopita kabla ya kwake. Anayejua ni wewe.

Basi nawasihi, nimechoka kusema lakini sitaacha. Kiungulia kikipita wiki mbili, nenda hospitali upimwe. Huenda ni vidonda vya tumbo. Beba paketi za kila ulichomeza, umwonyeshe daktari bila kuficha. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe, hata kama ni baridi. Yachemshe, uyanywe ya moto. Na maumivu makali yakishuka toka ubavuni hadi kinenani, ukikojoa damu au ukipata homa, usipitie dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.