Aliyetulelea Watoto Leo Anasahau

Ndugu zangu wa Butembo, ndugu zangu wa Beni, papa na mama, vijana wa pikipiki na wanakwaya, nisikilizeni. Nimekuja na neno moja, na nimelibeba tangu siku ya soko.

Mama mmoja anauza maharage kwa kopo. Mteja alimpa noti ya franka 5,000, akapimiwa makopo mawili, akangoja chenji. Mama akaitazama noti, akayatazama maharage, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeisha kunilipa?" Mteja akawageukia waliokuwa karibu: "Muachieni huyo, Ebola ilimla kichwa!" Kicheko kikapita meza hadi meza. Mama akaifunga ile noti kwenye pindo la kitenge, akaifungua, akaifunga tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu, na hesabu ilikuwa inamponyoka.

Mlimcheka nani? Mimi namfahamu. Wakati wa Ebola, UNICEF iliposaidia vituo vya kulelea watoto karibu na vituo vya matibabu, walezi walitafutwa kati ya waliopona Ebola, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Mama mgonjwa yuko ndani anapigania uhai, mtoto wake mchanga yuko nje, na shangazi wa damu anaogopa kumgusa. Huyu mama wa maharage, mmoja wa walezi hao, alimgusa. Alimbeba usiku kucha, akamwimbia, akamlisha. Leo anasahau chenji ya makopo mawili, na sisi tunacheka!

Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia Mangina, ukatutesa hadi tarehe 25 Juni 2020. Walihesabiwa wagonjwa 3,470 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Wafu 2,287. Waliobaki hai hawafiki 1,200. Tuliwaita washindi, tukawapa vyeti, tukapiga makofi walipotoka getini. Halafu tukarudi nyumbani, tukadhani habari imeisha.

Haikuisha. Liberia walipitia janga hilohilo kabla yetu, na watafiti wakawafuata waliopona, wakawalinganisha na watu waliokaa nao karibu bila kuugua. Matokeo yakachapishwa mwaka 2019, wakati sisi huku tungali tunazika. Kati ya waliopona, watu 29 katika kila 100 walilalamika kwamba kumbukumbu imepungua. Kati ya wale wengine, hawakufika 5. Waliopona walizidi pia kwa maumivu ya kichwa, maumivu ya viungo na uchovu. Basi acheni kusema mama wa maharage amelogwa, au ni mvivu, au anajifanya apewe msaada. Ana jeraha. Lingekuwa mguuni mngempisha njiani.

Na jeraha la namna hii halikuanzia kwetu. Upo ugonjwa unaoitwa sclérose en plaques, ambamo kinga ya mwili inageuka na kuula utando unaofunika mishipa ya fahamu, ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Karibu na ikweta hauonekani sana. Ulaya unajulikana mno. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyeueleza mwaka 1868, aliandika kwamba kumbukumbu ya wagonjwa inadhoofika. Lakini kwa miaka mingi baada yake madaktari waliangalia zaidi miguu inayoburuta na macho yanayofifia. Mgonjwa akisema "akili yangu imekuwa nzito", nani alimsikiliza? Walipokuja kupima vizuri waligundua kwamba wagonjwa karibu nusu, au hata zaidi, wana shida ya kufikiri, hasa kufikiri kwa haraka.

Hapa ndipo nataka mkae, msikimbilie mbele. Walipochunguza kwa nini mmoja anapungukiwa akili kuliko mwenzake, waliona kwamba kovu la ubongo haliko peke yake. Huzuni nzito inaandamana na kufikiri polepole. Uchovu na usingizi mbovu pia. Tumbaku pia. Na aliyesoma, aliyezoea kuushughulisha ubongo, mara nyingi ana akiba inayomshikilia. Ugonjwa wao si huu wetu, najua. Lakini ubongo wa binadamu ni mmoja, na mambo hayo yote yamejaa katika mitaa yetu!

Huzuni? Mshindi alitoka kituoni akakuta vitanda vitupu. Wengine walizika mume na watoto kwa mwezi mmoja, na mazishi yenyewe waliyatazama kwa mbali. Usingizi? Nani analala Beni? Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa Beni na vijiji vyake, familia zinakimbia usiku na mikeka kichwani. Enyi mnaoshika bunduki na nyinyi mnaoshika kalamu huko Kinshasa, usingizi wa watu hawa uko mikononi mwenu, na Mungu atawauliza.

Lakini upweke unaoikuza huzuni hiyo, ndugu zangu, hauna waasi wa kulaumiwa. Upweke tumeuleta sisi. Tulisema wamekula pesa za Ebola. Tuliwanyima nyumba za kupanga. Tuliwatoa katika likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, kwa sababu walisahau zamu.

Someni Marko sura ya 5. Yule mtu wa Wagerasi alipolia makaburini na kujikata kwa mawe, watu walimzoea. Siku waliyomkuta ameketi, amevaa, ametulia, ndiyo siku waliyoogopa! Sisemi washindi wetu wana pepo. Atakayenisingizia hivyo anasema uongo. Nasema wale watu walimwogopa aliyepona, kama sisi. Naye Yesu, yule mtu alipoomba kumfuata, hakumchukua. Alimrudisha nyumbani, kwa watu wake. Swali ni kama nyumbani walimfungulia mlango.

Fungueni! Mchungaji, padri, katekista, mrudishe katika kwaya. Wimbo wa zamani mara nyingi unabaki pale majina ya jana yamepotea. Mume, ukimwona mke wako halali, halii, hali, anakaa tu anatazama ukuta, usimpeleke kwa mtu wa kufukuza mapepo. Mpeleke hospitali, useme wazi kwamba alipona Ebola na kwamba anasahau. Huzuni ya namna hiyo inatibika. Kijana, acha kumpa kaka yako pombe ya kasiksi eti asahau machungu. Kusahau ndiko kunakomtesa. Tembea naye hadi shambani. Binti, mnunulie mama kadaftari, umwandikie bei kwa herufi kubwa, na jioni mkae mfanye hesabu pamoja bila kumharakisha. Anayeharakishwa anapotea zaidi.

Na wewe uliyecheka pale sokoni, mama huyo bado anauza palepale, na bei ya kopo haijabadilika. Nenda. Nunua. Akikuuliza kama umeisha kulipa, mjibu kwa upole, kisha mhesabie chenji mkononi mwake, noti moja moja, mpaka aseme mwenyewe kwamba imetimia.