Je, Anayengoja Kurudi Nyumbani Aitunze Afya ya Kesho?



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie swali ambalo tumelisikia mara nyingi katika maombi ya nyumba kwa nyumba na katika foleni ya kituo cha afya.

Wahudumu wa afya hutufundisha tule unga usiokobolewa, maharagi, mboga za majani na matunda. Hutuambia tupunguze chumvi, sukari na vyakula vya kukaanga, na tufanye hivyo kila siku kwa miaka mingi, ili tusije tukapata presha na ugonjwa wa sukari. Kisha mtu mmoja husimama na kuuliza: "Miaka gani hiyo? Hatujui mwezi ujao tutakuwa wapi. Mtu anayengoja ndege ya kwenda ng'ambo, au anayengoja amani ili arudi kwao, atapangaje afya ya miaka ishirini?"

Ndugu zetu, tusimcheke mtu huyu. Swali lake lina uchungu, tena lina hoja. Kwa kumsikiliza vizuri tumeona kwamba ana hoja tatu, na kila moja inastahili jibu lake.

Hoja ya kwanza: chakula chenyewe hakitoshi

Wataalamu wa misaada hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Wengi wetu tunajua kwamba sufuria zetu hazifiki hapo. Mwaka 2023 familia za wakimbizi nchini Uganda zilianza kupangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025, fedha zilipopungua, watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada wa chakula. Kumwambia mtu ambaye hajala tangu jana achague chakula bora ni kumdhihaki.

Kwa hiyo tuseme wazi. Mtu asiye na chakula hana kosa. Wajibu wa kuchagua huanza pale ambapo kuna kitu cha kuchagua. Tena wanaogawa chakula nao wana wajibu wao, na historia inaonyesha hivyo. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua ugonjwa uitwao pelagra, ambao huharibu ngozi, tumbo na akili, na unaweza kuua. Waliougua walikuwa zaidi ya 18,000. Walikuwa wakila mahindi kwa wingi, lakini karanga zilikuwa zimekosekana katika mgao wao. Mahindi yana vitamini ya niasini, lakini mwili haupati sehemu kubwa ya vitamini hiyo usipoyatayarisha kwa namna maalumu. Karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikula walichopewa, na walichopewa kilikuwa na upungufu.

Lakini habari hiyo hiyo inatufundisha jambo la pili. Kati ya kukosa kabisa na kuwa na vingi, kuna nafasi ndogo, na wengi wetu tunaishi katika nafasi hiyo. Kiganja cha karanga kilitosha kuleta tofauti kati ya afya na ugonjwa. Basi nyumba inapouza maharagi yake yote ili inunue sukari na mkate mweupe, hapo uamuzi umefanyika. Wakati mwingine tunauza kwa sababu ya dawa au daftari za shule, na hilo halina lawama. Lakini si kila mara. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vidogo 7 au 8 hivi. Bei yake ingeweza kununua chakula cha kuweka sufuriani ambacho watoto wote wangekigawana.

Hoja ya pili: heshima ya mtu

Hoja hii watu hawaisemi kwa sauti, lakini ipo. Ugali wa unga usiokobolewa umepewa jina baya: chakula cha mgao, chakula cha wakimbizi. Lengalenga na matembele vinaitwa mboga za maskini. Mgeni akija tunaona haya kumwandalia hivyo, tunatafuta unga mweupe na soda hata kwa kukopa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba, ng'ombe na jina lake kijijini anataka angalau mezani pake aonekane bado ni mtu. Nani atamlaumu?

Hata hivyo tuulize: ni nani aliyetufundisha kwamba kilicho cheupe ndicho chenye heshima? Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini, na wanga wa katikati. Mashine inapokoboa huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo hutoka sehemu kubwa ya vitamini, madini, mafuta mazuri na nyuzinyuzi. Pumba hizo huuzwa kulisha nguruwe na kuku. Sisi tunalipia zaidi ili tubaki na kilicho pungufu.

Hapa hapa Uganda aliwahi kufanya kazi daktari mpasuaji Mkristo kutoka Ireland, Denis Burkitt. Alifika mwaka 1946 akahudumu kwa karibu miaka 20. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kidole tumbo, kuvimbiwa kwa muda mrefu na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini wa Afrika. Alitafuta sababu akaikuta, pamoja na mambo mengine, katika chakula: wanakijiji walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, wakati wenzao wa Ulaya walikula unga mweupe na sukari. Aliporudi kwao aliwahubiria Wazungu wenzake kwa miaka mingi warudi kwenye chakula kisichokobolewa. Baadhi ya maelezo yake yamesahihishwa baadaye, lakini jambo kuu limethibitishwa: wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupatwa kidogo zaidi na magonjwa ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana.

Basi chakula tunachokionea haya ndicho ambacho daktari huyo aliwaomba matajiri wa Ulaya wakile. Anayekula lengalenga na maharagi kwa kuyachagua hajajidharau. Danieli naye alikuwa mhamishwa katika nchi ya wageni, na jambo la kwanza tunaloambiwa juu yake ni kwamba alikataa chakula cha meza ya mfalme, akaomba mboga na maji. Yeye alikuwa na sababu zake za ibada, nasi hatusemi kwamba nyama ni dhambi. Tunachokiona ni kwamba mtu aliyenyang'anywa mji wake, na hata jina lake likabadilishwa, alibaki na uamuzi juu ya kile kinachoingia kinywani mwake, na hakuuachilia.

Hoja ya tatu: tusisumbukie kesho

Wengine wanasema kwamba Bwana ametukataza kuisumbukia kesho, tutakula nini na tutavaa nini. Je, kupanga afya ya miaka mingi si kukosa imani?

Sisi tunaona kwamba kusumbuka na kuwa na desturi ni mambo mawili tofauti. Anayesumbuka anaishi kesho kabla haijafika, na leo yake inapita bure. Mwenye desturi nzuri anafanya jambo la leo tu: leo ameloweka maharagi, leo amechuma mboga, leo amekunywa maji badala ya soda. Hahitaji kujua mwaka ujao atakuwa nchi gani. Hata nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wapande bustani na kula matunda yake, wakati manabii wengine walikuwa wakiwaahidi kurudi upesi. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958. Kuna watu katika nchi hii waliozaliwa wakimbizi na kuzeeka wakimbizi. Aliyeahirisha kuutunza mwili wake mpaka siku ya kurudi, ameahirisha maisha yake yote.

Tena tufikirie jambo hili. Tulipokimbia tuliacha nyumba, mashamba, vyeti na makaburi ya wazee wetu. Mwili ndio ambao hakuna aliyeuacha njiani. Ukipanda ndege kwenda Marekani utakwenda nao, na ukirudi Uvira au Bunia utarudi nao. Anayefika kwao na presha iliyokwisha kuharibu figo atalimaje shamba alilolingojea miaka yote?

Nguvu ya kurudia

Bibi zetu walijua nguvu ya desturi. Muhogo mchungu una sumu, na wao waliiondoa kwa kuuloweka siku tatu au zaidi, kisha kuuanika juani. Huko Bandundu, magharibi mwa Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, biashara ya muhogo ikawa ya haraka, na baadhi ya watu wakapunguza siku za kuloweka mpaka moja. Vijijini ukatokea ugonjwa wa konzo, hasa kwa wanawake na watoto waliokula muhogo kila siku bila maharagi wala samaki wa kutosha. Konzo hupooza miguu ghafla, na ulemavu wake hauponi. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini desturi yao, iliyofuatwa kila mara, iliwalinda wajukuu.

Je, desturi mpya huchukua muda gani? Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja jipya kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wengine walizoea kwa siku 18 tu, wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254, na katikati ilikuwa siku 66 hivi. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Hili ni neno la faraja kwetu, ambao mvua, ugonjwa na siku ya mgao hutuvurugia mipango. Ukikosa leo, anza tena kesho.

Tunapendekeza tuanze na machache:

1. Tusage mahindi bila kukoboa, lakini kidogo kidogo, kwa maana unga wenye kiini huharibika upesi kwa sababu ya mafuta yake. Mahindi yenye ukungu tusiyale kabisa, wala tusiyauze.

2. Tuloweke maharagi usiku kucha na kumwaga maji yake. Yataiva upesi, na kuni zitabaki.

3. Kila nyumba iwe na mboga za majani karibu na mlango, hata katika gunia la udongo kama kiwanja ni kidogo. Maji ya kuoshea mboga yatamwagilia.

4. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo kwa mtu kwa siku, ikihesabiwa ya mboga na ya vyakula vyote.

5. Soda ibaki ya sikukuu. Maji safi yawe ya kila siku.

Neno la mwisho kwa wenye nyumba

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Katika nyumba nyingi baba hupewa ndagala na kipande cha nyama, watoto hufuata, na mama hula ukoko na mchuzi uliobaki, hata akiwa mjamzito. Mama mjamzito anahitaji damu kwa ajili ya watu wawili. Nyumba inayozungumza juu ya chakula bora lakini inagawa namna hii bado haijaanza. Akina baba, sahani zetu zipimwe kwanza.

Wala tusimhukumu jirani kwa kuangalia sufuria yake. Hatujui alichouza wala alichouzia. Mwenye kisukari au presha asiambiwe kwamba amejitakia; magonjwa haya yana sababu nyingi, na mengine hurithiwa. Asiache dawa za kituo cha afya kwa sababu ameanza kula mboga. Badala ya kumhukumu, tumpelekee mbegu za lengalenga, na kama ameondolewa katika mgao, tumpelekee na unga.

Basi kwa yule aliyeuliza "miaka gani hiyo?" sisi tunajibu hivi: hatuijui idadi yake, wewe wala sisi. Lakini jioni ya leo tunaijua. Maharagi yapo, maji yapo, usiku ni mrefu. Yaloweke.

Mungu awabariki na kuwalinda katika nyumba zenu.