Inua Mikono Yote Miwili



Aliyewahi kulala Musoma siku zisizo na mwezi anajua ziwa linavyokuwa usiku. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na ukisimama ufukweni unaona taa nyingi zimetapakaa majini, utadhani kuna mji mwingine umejengwa kule mbele. Inapendeza kwa kweli. Watu wanapiga picha.

Sasa chukulia kwamba katikati ya taa zile kuna mtumbwi mmoja umezimika injini. Upepo unausukuma, maji yanaingia, na wavuvi waliomo wanateka maji kwa ndoo huku wanaomba Mungu. Taa yao inawaka kama kawaida. Wewe uliye ufukweni utawajuaje?

Hutawajua. Taa yao inafanana na za wenzao. Unaweza kuwaangalia kabisa, ukawasifia, ukaenda kulala.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo: kuonekana ni kitu kimoja, kuomba msaada ni kitu kingine. Wengi wetu tunaonekana kila siku. Wachache tunaita.

Tuanze na mambo ya kawaida kabisa, kwa sababu yanaweza kumwokoa mtu. Sisi wa Mara tuna maji upande mmoja na mbuga upande mwingine. Ukikwama katika mojawapo, ishara yako inahitaji mambo matatu.

Kwanza, iwe tofauti na mambo ya kawaida. Ndiyo maana watu wa uokoaji duniani wanaijua namba tatu: filimbi mara tatu, mioto mitatu, tochi ya simu mara tatu, unanyamaza kidogo, kisha unarudia. Kitu kimoja kinaweza kutokea kwa bahati. Vitatu vilivyopangwa vinasema kuna mtu hapa, na ana shida. Filimbi ile ndogo inayofungwa kwenye jaketi okozi haikuwekwa kwa urembo. Sauti ya mtu inakauka mapema, lakini filimbi inaendelea kulia maadamu una pumzi.

Pili, iwe mahali pa kuonekana. Ukipita barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma unaliona lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Ndani kule kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika magurudumu kama gundi. Aliyekwama anashauriwa abaki na gari lake, kwa sababu gari linaonekana kuliko mtu, na porini kuna wenyeji wasiopenda wageni wanaotembea kwa miguu. Anafungua boneti, anatandaza kitenge cha rangi kali juu ya paa, anatumia kioo kurudisha mwanga wa jua, maana mwanga huo unaonekana kilomita nyingi. Simu ikiwa na mtandao hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale ambapo kupiga kumeshindikana. Namba ya dharura ni 112, iwe kichwani mwako kabla hujaihitaji.

Tatu, iwe wazi. Hapa nisikilize vizuri. Ukiona ndege au helikopta inakutafuta, unainua mikono yote miwili juu. Mkono mmoja juu na mwingine chini, katika ishara hizo hizo, maana yake ni kwamba huhitaji msaada. Rubani anaweza kuendelea na safari. Hata majini, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo zinataja ishara ya mtu aliye hatarini: ananyoosha mikono miwili pembeni, anaiinua na kuishusha polepole, tena na tena.

Mikono miwili. Mkono mmoja ni salamu.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulikutana na Mtakatifu Augustino na kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo. Anagawa ishara katika mafungu mawili. Kuna ishara za asili, ambazo hazina nia yoyote ya kusema kitu: moshi unaonyesha kuna moto, nyayo zinaonyesha mnyama amepita. Hata uso wa mtu mwenye huzuni unaonyesha huzuni yake bila yeye kutaka. Halafu kuna ishara zinazotolewa, yaani zile ambazo kiumbe hai anampa mwenzake kwa makusudi, ili kilichomo ndani yake kifike kwa mwingine.

Ukiliangalia hilo kwa jicho la mtu aliyekwama porini, unaona jambo zuri. Moshi wa moto wake wa kupikia ni ishara ya asili tu. Anayeuona kwa mbali atasema, kuna watu wanapika. Lakini akiwasha mioto mitatu na kutupia majani mabichi ili moshi upande, moshi ule ule umekuwa neno. Kilichobadilika ni nia. Amekubali kusema: nimekwama, njooni.

Vijana wenzangu, wengi wetu tunafuka moshi tu. Mtu amepungua, halali, haji tena kwaya, anaweka stetasi ya wimbo wa huzuni saa nane usiku kisha anaifuta asubuhi. Anategemea kuna mtu atasoma alama. Na asiposomwa anaumia, anasema hakuna anayenijali. Lakini kwa wanaomtazama, ile ni taa moja kati ya taa mia. Ukimuuliza, anajibu, "Niko poa tu." Mkono mmoja.

Kijana mmoja wa Bunda aliniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja. Alianza kubeti kwa hela ndogo ndogo, mikeka ikachanika, akaingia kwenye ada ya chuo. Ili kuziba ada akachukua mkopo wa kausha damu. Ili kulipa ule mkopo akachukua mwingine. Miezi mitatu alikuwa anakuja jumuiya, anaimba, anasoma somo la kwanza, na hakuna aliyejua. Aliniambia ilifika usiku akawa anafikiria kwamba ingekuwa nafuu asiwepo kabisa. Usiku huo aliandika ujumbe kwa mjomba wake aliyeko Butiama: "Shikamoo mjomba. Nimekwama. Nina deni kubwa na nimeshindwa. Naomba msaada."

Mjomba hakuuliza deni ni shilingi ngapi. Hakuuliza ilikuwaje. Alijibu maneno mawili: "Uko wapi?" Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwake.

Deni halikufutika kimuujiza, na mpaka leo wanalipa kidogo kidogo. Ila kijana yupo. Analala.

Nimelitafakari sana lile swali la mjomba. Ndilo swali la kwanza la kila mwokoaji, na ukipiga namba ya dharura utaulizwa hilo hilo. Fungua Mwanzo sura ya tatu uone kwamba ndilo swali la kwanza ambalo Mungu anamuuliza mwanadamu aliyeanguka na kujificha kwenye miti ya bustani. Mungu hakuwa amepoteza ramani. Alijua ule mti. Alitaka Adamu ajibu kwa mdomo wake. Kwa hiyo kabla hatujainua mikono yetu, Mungu ameshatoka kututafuta. Ishara yetu ni jibu.

Hapo linajibiwa na lile swali ambalo vijana mnaniuliza mara kwa mara: kama Mungu anajua kila kitu, kwa nini nisali? Augustino huyo huyo alimwandikia mama mjane aitwaye Proba kwamba Mungu hahitaji kupewa taarifa. Sala inapanua hamu yetu, ili tuweze kukipokea anachotaka kutupa. Aliyezama anaponyoosha mkono hampi mwokoaji habari tu, anampa pa kushika.

Angalia Maandiko yalivyojaa watu wanaoita. Hagari katika jangwa la Beer-sheba, maji yameisha, mtoto amelazwa chini ya kichaka, na Mungu anaisikia sauti ya kijana yule ambaye jina lake lenyewe, Ishmaeli, lina maana ya kwamba Mungu husikia. Petro anazama ziwani, na sala yake ni fupi kuliko zote: anaomba aokolewe, basi. Hakuwa na muda wa utangulizi. Bartimayo kando ya njia ya Yeriko anaambiwa na umati anyamaze, naye anazidisha kelele. Yesu anasimama. Kelele za mtu mmoja zilisimamisha msafara mzima.

Na Kanisa limejifunza kwao. Katika Liturgia ya Vipindi, karibu kila kipindi kinaanza kwa ombi lililotoka Zaburi ya 70, kumwomba Mungu aje upesi kutusaidia. Papa anaanza hivyo, mtawa aliyemaliza miaka hamsini ya nadhiri anaanza hivyo, na sisi mafrateri wenye usingizi wa alfajiri tunaanza hivyo. Hakuna mtu katika Kanisa aliyevuka hatua ya kuomba msaada. Tazama pia mikono ya padre altareni anaposali kwa niaba yetu. Yote miwili imeinuliwa.

Lakini ishara bila msikilizaji haitoshi, na hapa siwezi kuliruka jambo zito. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba jina la mtoto wa Butiama, kilipinduka karibu na gati la Bwisya kisiwani Ukara, huko Ukerewe, ndani ya Jimbo la Bunda. Kilitoka Bugolora siku ya soko. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Jumamosi, siku ya pili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai, fundi wa mitambo wa kivuko hicho, aliyekuwa amejibanza mahali palipobaki hewa. Taarifa za siku zile zilisema wazamiaji walikuwa wamesikia sauti kutoka ndani.

Wengine wengi bila shaka waliita na hakuna mkono uliowafikia kwa wakati. Imani yetu haisemi kwamba kila anayeita atatolewa majini. Yesu mwenyewe alilia kwa sauti kuu msalabani na hakushushwa. Alisikika siku ya tatu. Tunawakabidhi marehemu wa Ukara kwa Baba huyo huyo, na hatuwapi ndugu zao maelezo mepesi. Ila kutokana na mzamiaji yule tunajifunza jukumu letu: ili mtu asikike, lazima awepo wa kutega sikio hata siku ambayo wengi wameshaanza kuhesabu majeneza.

Huku kwetu yowe likipigwa usiku, hakuna anayeuliza kwanza ni la nani au kabila gani. Unavaa unachokipata, unatoka. Asiyetoka atajieleza kesho. Jumuiya ndogondogo, VIWAWA, TYCS, vikundi vyetu vya WhatsApp, vyote vinatakiwa kuwa na sheria hiyo ya yowe. Mtu akisema nimekwama, asipewe hotuba. Aulizwe yuko wapi, na mtu atoke.

Mwalimu Nyerere alizungumza mwaka 1959 juu ya kuweka mwenge kilele cha Kilimanjaro, na usiku wa kuingia 9 Desemba 1961 ukapandishwa kweli. Taa iliyowekwa juu haikuwa ya kuomba msaada, ilikuwa ya kuwaambia walio gizani kwamba kuna mahali pa kuelekea. Aliyeokolewa anakuwa taa ya namna hiyo. Kijana wetu wa Bunda sasa ndiye anayewafuata wenzake wanaojifungia vyumbani na simu.

Basi wiki hii nakuomba mambo matatu, maana tumesema ishara ni tatu. Andika ujumbe mmoja ulio wazi kwa mtu mmoja unayemwamini: mzazi, katekista, mlezi wa vijana, paroko. Usiweke imoji ya kucheka mwishoni, inashusha mkono mmoja. Kama mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, mwambie mtu leo hii na mwende pamoja hospitali, hiyo nayo ni sala. Pili, nenda kitubio. Pale kwenye kiti cha maungamo moshi unageuka kuwa neno, na unayemwambia amekaa akikusubiri. Tatu, mpigie simu yule mwenzako aliyepotea kwaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tusingoje kifo kitusomee alama za ndugu yetu.

Na ukichoka kuinua mikono, kumbuka Musa mlimani katika Kutoka sura ya 17. Mikono yake ilikuwa mizito, Haruni akashika upande huu, Huri upande ule, mpaka jua likazama.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetutafuta kabla hatujaita, utupe unyenyekevu wa kusema tumekwama, na masikio ya kumsikia anayegonga. Uwapokee waliolala ziwani. Uwalinde wavuvi walioko majini usiku huu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuombeane.