Bukari ya Mtu Mmoja

Mgeni wa kazi hakosi pa kula Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo. Afisa wa usafirishaji aliyetoka Dar es Salaam kufuatilia malori ya shaba anaweza kula hotelini Jumatatu, Jumanne akaonja chakula cha Kichina, na Jumatano akakaa kwenye benchi la mama anayeuza bukari (ndiyo ugali), sombe (majani ya muhogo) na samaki. Siku zote tatu anakula peke yake. Hotelini hakuna anayeshangaa. Benchini ataulizwa: "Papa, uko peke yako?"

Swali hilo lina mizizi mirefu mjini hapa.

Mwaka 1953 Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuja kuhudumu Kolwezi, katika kambi za wachimbaji wa kampuni ya madini ya Union Minière. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimetoka mwaka 1945 Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Humo alidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu hiyo huzidi au hupungua kadiri mtu anavyohusiana na wengine. Kambini alikuta familia zilizong'olewa mbali na ukoo, zikipimiwa posho na kampuni. Tumbo lilikuwa na mwenye kulihesabia. Upweke haukuwa na wa kuuhesabia. Hapo ndipo ilipozaliwa Jamaa, jumuiya ya waume na wake Wakatoliki walioitana baba na mama na kufundishana uzima, uzazi na mapendo.

Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa Tempels kwa kuwavisha watu wote wa bara fikra moja, na alikuwa na haki. Lakini Jamaa haikubaki kuwa mali ya padri: wachimbaji na wake zao waliibeba wenyewe, kwa Kiswahili chao.

Je, basi, anayekula peke yake amepungukiwa utu?

Ayubu wa Biblia, katika sura ya 31 ya kitabu chake, anaapa kwamba hakula tonge lake peke yake huku yatima akikosa. Uzito wa kiapo uko kwa yatima. Kurani nayo, Surat an-Nur aya ya 61, inasema hapana lawama watu wakila pamoja au mbalimbali. Wafasiri wake wanasimulia habari za watu wa kabila la Kinana, walioona ni kosa kula bila mwenza hata wakashinda na njaa wakimngoja mgeni. Aya ikawatua mzigo huo. Msafiri hana hatia kwa kukosa mwenzake.

Lililo zito ni ukuta unaomtenga mlaji na wasiokaribishwa. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka Lualaba, mkoa wa mji huu, na kuna meza mjini ambazo mchimba kobalti hawezi kuzisogelea. Aliyeketi kwenye meza hizo, hata awe na wageni kumi, hana wa kumwambia karibu.

Benchini, mama anammiminia mgeni maji ya kunawa, kisha anamwekea bukari ya mahindi na muhogo, ingali inatoa mvuke. Kabla ya kumega, mgeni anamgeukia kijana wa buti zenye vumbi jekundu aliyekaa upande wa pili.

"Karibu."

"Aksanti, papa."

Kijana hachukui tonge. Anasogeza kibakuli cha pilipili mpaka kwenye sahani ya mgeni.