Kosa la Mgeni na Kosa la Mtoto

Ndugu msomaji, kuna makosa ambayo mtu huyasahau kabla jua halijatua, na kuna mengine ambayo huzeeka naye. Hili ninalolisimulia ni la aina ya pili.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari wilayani Bariadi. Wakati huo wilaya hiyo ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wanafunzi wangu wengi walizungumza Kisukuma nyumbani. Kiswahili walikizoea shule ya msingi, na sasa, kuanzia kidato cha kwanza, walitakiwa kusoma karibu kila somo kwa Kiingereza.

Siku moja niliwapa insha kuhusu msimu wa pamba. Msichana mmoja aliandika kwamba lori la pamba liliharibika kabisa njiani: "The lorry broke completely down." Nikaisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, nikasema Mwingereza hasemi hivyo; husema "broke down completely" au "completely broke down". Wenzake wakacheka. Yeye akanyosha mkono.

"Mwalimu, jana ulitufundisha 'come straight back'. Pale neno limekaa katikati. Kwa nini hapa lisikae?"

Sikuwa na jibu. Nikasema Kiingereza ndivyo kilivyo, nikamwamuru aketi. Wenzake wakacheka tena. Hadi mwaka ulipokwisha hakunyosha mkono katika somo langu.

Leo ningeweza kumjibu kidogo. Katika "come back", neno "back" bado linaonyesha upande mtu anakoelekea, kwa hiyo "straight" huweza kulitangulia na kueleza mwendo huo. Katika "break down", neno "down" halishuki popote. Limeungana na kitenzi na kuzaa maana moja, yaani kuharibika, na kwa kawaida "completely" haliruhusiwi kuingia kati yao. Vitenzi vya namna hii vimewatoa jasho wengi kabla yetu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alikiri katika utangulizi kwamba vinawapa wageni taabu kubwa. Na hata maelezo yangu hayafiki mwisho, maana sehemu kubwa ni mazoea tu ya wenye lugha.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mtu hulala fofofo, huloa chapachapa, hulewa chakari, hukataa katakata. Sema kwamba umekataa fofofo, nawe hujavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini kila akusikiaye atacheka.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nikinywa chai mjini Bariadi. Akaingia mgeni mmoja kutoka Ulaya, mvua imemkuta njiani. Akaniambia, "Mzee, nimeloa fofofo!" Tukacheka sote, naye akacheka. Tukamsifu kwa bidii yake, tukamvutia kiti, kisha tukampa neno lenyewe taratibu. Alipouliza kwa nini iwe chapachapa na isiwe fofofo, nilimjibu bila aibu yoyote: "Sijui, ndugu yangu. Ndivyo tulivyozoea."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka yule msichana. Kosa lao lilikuwa moja: kuoanisha maneno ambayo wenye lugha hawayaoanishi. Mgeni alipata kiti na sifa. Binti yetu, aliyekuwa akihangaika na lugha yake ya tatu, alipata kicheko. Tena yeye alikuwa ameona mfano mmoja, akaulinganisha na mwingine, akauliza sababu. Hiyo ndiyo kazi ya akili ambayo nililipwa mshahara niiamshe, nami niliizima.

Mtu atasema kwamba mgeni hana mtihani, lakini mtoto anao, na mtihani haumhurumii mtu. Ni kweli, na kosa lazima lisahihishwe. Lakini kusahihisha neno ni jambo moja, na kumvunjia mtu heshima ni jingine. Nilipojipima vizuri niliona kwamba ukali wangu haukutoka kwenye mtihani. Ulitoka kwenye hofu. Mbele ya Kiswahili mimi ni mwenyeji, kwa hiyo naweza kusema sijui na heshima yangu ikabaki. Mbele ya Kiingereza nilikuwa mgeni kama yule mtoto, nami sikutaka ajue. Nikamwaibisha yeye ili aibu yangu isionekane.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi na kusema "sijui" mbele ya mtoto kusiwe aibu. Ndugu msomaji, iwapo leo jioni mwanao atakosea Kiingereza chake, msahihishe kama ambavyo ungemsahihisha mgeni aliyeketi mezani kwako. Na akiuliza kwa nini, usimwambie aketi.