Clara na shajara ya baba

Leo namfikiria mpiga piano Clara Wieck, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1819. Alipita umri wa miaka minne bila kusema sawasawa, hata ikadhaniwa hasikii vizuri. Alipofika mitano, baba yake Friedrich, mwalimu na muuzaji wa piano, akaanza kumfundisha: somo la saa moja kila siku, mazoezi ya saa mbili, kisha matembezi marefu nje. Oktoba 1828, akiwa na miaka tisa tu, akapanda jukwaani katika ukumbi wa Gewandhaus.

Kinachonigusa zaidi ni shajara yake. Kwa miaka mingi baba ndiye aliyeiandika, tena kana kwamba binti mwenyewe anasema: nimepiga vizuri, nimemkosea baba. Kwa vidole alivyovinoa, mzee yule anastahili shukrani. Kwa kalamu ile, hapana.

Baba alipomkataza Clara kuolewa na mtunzi wa muziki Robert Schumann, wachumba hao walikwenda mahakamani, wakaoana 1840. Robert alifariki 1856, akamwachia watoto saba. Clara akawalea kwa kupiga piano, mji hadi mji, na aliendelea kupanda jukwaani mpaka mwaka 1891.